Kibaba cha Mfuto

Miaka ishirini na tisa nimelipwa nihesabu
kitu nisichokiona.
Kiko chini, mita elfu na mia sita,
si ziwani kama mama alivyodhani, ndani ya jiwe,
katika vitundu ambavyo hata sindano haipiti.
Na mimi niko ghorofa ya tatu, Mina al-Fahal,
baridi ya mashine inaniuma magoti,
shali begani, kahawa imepoa.

Mama alifika Maskati kutoka Wete
na watoto watatu na kibaba cha bati.
Siku niliyoanza kazi aliniuliza:
"Zuwena, umeyaona kwa macho?"
Sijayaona, mama.
"Umeyagusa?"
Nimegusa jiwe lililochimbuliwa,
linanuka kama gereji ya Msellem.
"Basi unajuaje ni kiasi gani?"

Hatujui, nikamwambia. Tunasema kwa daraja.
Yapo ya hakika, hayo naweza kuyalia yamini.
Yapo ya yamkini, nusu yangu nusu ya Mungu.
Na yapo ya huenda,
hayo mwenyewe huyaandika kwa wino wa aibu.

Akacheka. Akaingia jikoni, akatoka na kibaba,
akajaza mchele hadi ukafanya kichuguu,
akapitisha kiganja. Punje zikamwagika sinia zima.
"Hiki cha mfuto, mwandikie mwenye duka.
Kile cha tele, mkirimie mgeni.
Usije ukachanganya."

Chuo kilinifundisha milinganyo kurasa mia nne.
Sikuongeza mengi juu ya hapo.

Mwaka bei ilipoanguka, Bwana Harith
alikuja na kanzu yake iliyopigwa pasi kama barua,
akafunga mlango.
"Rimal Saba. Asilimia nne tu.
Nani atashuka kuchungulia?"
Nikamwonyesha kisima cha arubaini na moja:
katika mapipa kumi, tisa maji.
Nikamwonyesha mstari unavyoteremka
kama mtu anayeshuka ngazi na mzigo.
Akasema mistari hunyooshwa.

Mapipa milioni kumi na nane
yalikufa kwa kalamu yangu Jumanne mchana,
na halikumwagika hata tone.
Miezi miwili nilikula peke yangu kantini.
Cheo akapewa Khalfan.
Khalfan hodari, simsemi; ila anajua kucheka kwa wakati.

Ningependa shairi liishie hapo, niwe nimenyooka.
Lakini mwaka wangu wa tatu,
nina mkopo wa gari na bosi mwenye haraka,
nilikiacha kichuguu.
Kiganja sikukipitisha.
Wakajenga bomba kwa hesabu ile.
Bomba lipo, ukienda njia ya Adam utaliona kushoto,
jembamba, linang'aa,
nusu yake upepo.

Mama amekufa hajui.
Kibaba kiko mezani kwangu, kimebonyea ubavuni,
kinashika kalamu.

Wiki iliyopita nilimpeleka Shamsa jangwani,
ana miaka ishirini na nne, anavaa viatu vikubwa kuliko yeye.
Pampu zinainama, zinainuka,
kama watu wanaokubali kila wanaloambiwa.
Nikamweleza: katika kumi tunatoa tatu,
nne tukijaliwa. Yaliyobaki hayatoki,
yameshikana na jiwe, hayataki.
Akasema bibi yake husema akiba haiozi.
Nikasema bibi yako hajawahi kuona kisima kikizeeka.

Akafungua daftari juu ya boneti ya gari,
upepo ukimpigania karatasi.
"Uwanja huu umebakiwa na miaka mingapi?"
Nilitazama moshi, nikatazama mikono yangu.
Andika kumi na moja.
"Na ukweli wenyewe?"
Uko chini, mwanangu, mita elfu na mia sita.
Andika kumi na moja.